Goti la Mama Limekataliwa, na Mama Mdogo Hataki Kutangulia

Kwako Bibi Shamsiya, mshauri wetu,

Shikamoo. Nakuomba unisome mpaka mwisho kabla hujanikemea, maana kukemea unajua, nami kila Jumamosi nasoma majibu yako na kuwacheka wenzangu unavyowapasha, leo imefika zamu yangu na kicheko kimenikauka.

Mimi naitwa Saleha, mwanamke wa Mabawa hapa Tanga, nimeolewa, na nyumbani kwangu nakaa na wazee wangu wawili wa kike, mama yangu mzazi Mwanasiti na mdogo wake wa tumbo moja, mama mdogo Asmahani, wote wajane, wote asili yao Kigombe, na wote magoti yamewaisha, maana toka usichana kazi yao ilikuwa kusuka majamvi, kutwa wamekaa chini mguu mmoja wameukunja, wakiinuka hapo ni kinu, wakitoka kwenye kinu ni mbuzi ya nazi, na sasa uzee umekuja kudai haki yake. Mama ndiye aliyezidi. Mguu wake umepinda kama upinde, hanyooshi wala hakunji, na usiku namsikia akimwita Mola wake kwa sauti ya chini ili asiniamshe, nami niko macho, Bibi, nasikia yote.

Mwezi uliopita tukasikia amekuja daktari mgeni, bingwa wa mifupa, atakaa hospitali kubwa kwa muda tu kisha apande meli arudi kwao, na kwamba ana kitu kipya, analifungua goti na kuingiza ndani kibati kidogo cha madini yasiyoshika kutu, pale mahali mfupa ulipokula mfupa, na mtu anainuka anatembea. Wee! Mtaa mzima ulikwenda. Wenye magoti walikwenda, na wenye migongo walikwenda wakasema ni goti. Nami nikawapakia wazee wangu kwenye teksi nikawapeleka, moyoni nikisema kama kuna haki duniani basi mama yangu ndiye atakayekuwa wa kwanza, kwa sababu katika wote waliokuwa barazani siku ile hapakuwa na aliyeumia kama yeye.

Akaingia mama kwanza, ndiye mkubwa. Aliyekuwa akitafsiri ni Nesi Praxeda, binti wa Kibondei, mpole sana. Daktari akamwambia mama aonyeshe panapouma. Mama akaliweka goti lote kiganjani, kisha akapanda nacho pajani, kisha akashuka nacho kwenye muundi, kisha akamwonyesha na vidole vyake vilivyovimba viungo. Akaulizwa vidole hivyo asubuhi vikoje, akasema, "Mpaka jua lipande, mwanangu, kikombe sikishiki." Daktari akajaribu kuunyoosha mguu, ukagoma njiani. Akalisukuma goti huku na huku, likacheza kama mlango uliotoka bawabani. Basi akaushika ule mguu kwa mikono miwili akaulaza kitandani taratibu, taratibu, kama mtu anayerudisha yai kiotani, na mama alikuwa akimtazama usoni wakati wote.

Akaingia mama mdogo. Alipoulizwa panapouma, alitoa kidole kimoja tu akakiweka upande wa ndani wa goti, akasema, "Hapa. Kwingine nashukuru Mungu." Mguu wake ukanyooka, ukakunjika, likasukumwa goti halikuyumba. Daktari akatabasamu, akaagiza wote wawili wapigwe picha ya mifupa wakiwa wamesimama, na picha zilipotoka Nesi Praxeda akaniita pembeni.

Akaniambia, "Dada Saleha, daktari anasema goti ni kama nyumba ya vyumba viwili, kimoja upande wa ndani, kimoja upande wa nje. La mama yako mdogo kimeanguka chumba kimoja tu, cha pili kizima, na kamba zinazoshika nyumba ni nzima, kwa hiyo kibati kitapata pa kukaa. La mama yako nyumba yote imelala, na kamba zimelegea, na ugonjwa wake si wa goti peke yake, umo katika viungo vyote. Akiweka kibati mle kitateleza, kitamtesa kuliko sasa."

Nikamwambia, "Lakini mama ndiye anayeumwa zaidi! Hata wewe umemwona. Mgonjwa zaidi si ndiye wa kutibiwa kwanza?"

Akasema, "Ndivyo kila mtu anavyosema hapa. Lakini daktari hawezi kumpasua mtu kwa kumwonea huruma."

Nikauliza, basi zamu ya mama lini? Bibi, yule binti macho yakamjaa maji. Akasema, "Hana zamu, dada. Si kwamba haijafika. Hana." Kisha akanishika mkono akaniambia la pili, kuwa mama mdogo anafaa sasa hivi, lakini akikaa akaendelea kuegemea goti bovu, na kile chumba cha pili nacho kitakwenda, na siku hiyo naye hatafaa tena, hata aje daktari wa namna gani.

Nikatoka nje. Nikawakuta wameketi kwenye benchi, bega kwa bega, wanakula ndizi moja wameigawa. Mama akainua uso akaniuliza, "Haya, kasemaje?"

Kwetu sisi, Bibi, unajua watu wanavyosema, aliyekataliwa hospitali keshakabidhiwa kwa wachimba kaburi, na marehemu baba yangu ndivyo alivyoondoka, aliambiwa arudi nyumbani, hakukaa sana akafa, na mama hakusahau. Ulimi wangu ukawa mwepesi kuliko akili. Nikasema, "Kasema nyote mtapata, mama. Ila lako linataka lishuke uvimbe kwanza kwa dawa, kwa hiyo mama mdogo ataanza."

Nilidhani nimeponya. Kumbe nimefunga mlango na ufunguo nimeumeza, kwa sababu mama mdogo aliruka pale pale na mguu wake mbovu, akasema, "Mimi nimtangulie dada? Kwa kheri gani? Nitamngoja ashuke uvimbe, tutapasuliwa pamoja, kitanda kwa kitanda." Mama akatazama chini.

Na huyu mama mdogo, Bibi, kungoja ndiyo kazi yake ya maisha. Alipokuwa mwari aliposwa na kijana wa Mkwaja, na alimtaka, hilo mpaka leo ukimtaja uso unambadilika, lakini mama alikuwa hajaolewa, na babu akasema mdogo haolewi mbele ya mkubwa nyumbani mwangu, angoje. Kijana akangoja, akachoka, akaoa kwingine. Mama mdogo akaja kuolewa na mtu mwingine ambaye sitaki kumsema kwa kuwa ni maiti. Na hajapata hata siku moja kumlaumu mama kwa hilo. Ndiye anayemwosha, ndiye anayemwinua kumpeleka chooni, ndiye anayemkunjulia msala. Mimi nina mimba, sasa siwezi kumwinua. Mama mdogo naye akianguka, basi nitakuwa na wazee wawili chini na mtoto tumboni, sijui nitamshika nani.

Hospitali wamekwisha kuleta salamu, kitanda cha mama mdogo kipo Jumatatu ijayo, na wiki hiyo ikiisha daktari anaondoka. Kila nikimwambia mama mdogo, jibu ni lile lile, "Dada uvimbe umeshuka? Haujashuka. Basi." Na mama naye ananichanganya. Dawa ya kuchua aliyokuwa akiililia kila jioni ameiacha, anasema mpeni Asmahani. Doti ya kanga mpya niliyomnunulia ya kuendea hospitali, bado ina harufu ya duka, amempa mama mdogo, anasema zitakukaa wewe. Na jana amemwita seremala amtengenezee kiti kirefu cha kusalia, nami nikafurahi nikajua anajiandaa na siku atakayotoka hospitali, kisha nikaingia jikoni nikalia.

Mume wangu Mselem ana rai yake. Anasema tumwambie mama mdogo kwamba Jumatatu anaitwa kupigwa picha nyingine tu, tumpeleke, na akishachomwa sindano ya usingizi ataamka goti limekwisha kazi, na mama tuendelee kumwambia uvimbe bado, uvimbe bado, mpaka Mungu atakapoamua. Anasema hapo kila mtu atakuwa amepona na hakuna aliyevunjwa moyo. Mimi moyo unakataa.

Bibi Shamsiya, nimwambie mama kweli nimuue kabla ya siku zake, au ninyamaze na mama mdogo apoteze mguu wake? Au nifuate rai ya mume wangu? Naomba unijibu upesi, na kama utanikemea, nikemee, lakini unijibu.

Ni mimi binti yako,
Saleha, Mabawa

JIBU

Saleha mwanangu, marahaba.

Wasomaji wajue kuwa majina yote na mtaa nimevibadili, kwa hiyo wa barazani wasijisumbue kutafuta. Na wewe jibu hili nimekupelekea kwa mkono kabla halijapigwa chapa, maana gazeti hutoka Jumamosi na daktari hangoji gazeti.

Tuanze na huyo Mselem, tummalize. Mwambie nimemsikia, na anyamaze. Mtu mzima hapasuliwi goti kwa hila! Kuku ndiye anayebebwa bila kuambiwa aendako. Mama yako mdogo alifanyiwa uamuzi na babu yako alipokuwa mwari, hakuulizwa. Leo ana mvi, na mkwe anataka kumfanyia uamuzi mwingine akiwa usingizini? Ataamka na kibati mwilini asichokikubali, na dada yake yuko vile vile, na nyinyi wawili mmesimama kitandani mnatabasamu. Hatawasameheni, na mimi nitamsaidia kutowasamehe. Kama Mselem anataka kufaa, mikono anayo. Siku ambazo mama mdogo atakuwa kitandani, maji atateka yeye, na mama mkwe ataletewa kila kitu mlangoni na yeye.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili niliivua miwani nikakaa. Sikukemei kwa kumpenda mama yako. Uongo wa mtoto kwa mzazi mgonjwa umejaa mji huu, hakuna nyumba usimoukuta. Nakukemea kwa sababu uongo wako umemkalia mtu asiyekuwa wako kumkalia. Uliutuma ukamfariji mama, ukaenda ukamfunga mguu mama mdogo. Na unajua. Ungekuwa hujui usingeniandikia.

Kwanza lifute lile neno kwamba mama yako amedhulumiwa. Wengi mnadhani daktari anagawa vibati kama sadaka ya Ijumaa, aliye na dhiki kubwa apewe mwanzo. La, bibi. Kibati ni kama kiatu, hupewa mwenye mguu unaokienea, hata kama aliyekanyaga miba ni mwingine. Huyo daktari angekuwa mtu wa kutafuta sifa angemkata mama yako, akapanda meli yake akaenda zake, na wewe ungebaki na jeraha la kulisafisha kila siku. Kumwambia mtu "wewe sikuwezi" ni kazi ngumu kuliko kushika kisu. Mshukuru. Na Nesi Praxeda mshukuru zaidi, kakwambia kweli mbili kwa siku moja na wewe hukufikisha hata moja.

Sasa nisikilize vizuri, maana hili ndilo lililonikalisha.

Mama yako anajua.

Usishtuke. Mgonjwa anayengoja zamu yake huuliza. Huuliza lini, huuliza bado, huuliza mpaka watu wa nyumbani wakamchoka. Barua yako yote nimeipekua, tangu mtoke pale kwenye benchi mama yako hajauliza hata mara moja. Anayetaka uvimbe ushuke haachi dawa ya kuchua, huiganda. Anayetarajia kulazwa hatoi kanga zake za hospitali. Na hicho kiti cha kusalia unachofurahia, mwanangu, mtu anayetarajia kupona goti hajitengenezei kiti cha kuishi na goti bovu. Alimtazama daktari usoni wakati mguu wake unalazwa. Umeyaandika wewe mwenyewe haya, kwa mkono wako, na hukuyasoma. Mama yako alijua pale pale kitandani, kabla hujaitwa pembeni, na alipokuuliza "kasemaje?" alikuwa anakuuliza kama utaweza kulisema.

Utaniuliza, basi kwa nini hamwambii mdogo wake aende? Atamwambiaje? Akisema "Asmahani, tangulia, mimi sina zamu," Asmahani atauliza, "Saleha kasema unayo." Hapo wewe utakuwa muongo mbele ya mama yako mdogo, ndani ya nyumba yako, mumeo anasikia. Mama yako anakusitiri. Ana maumivu yale ya usiku, ana habari ile kifuani, na juu ya yote hayo amekaa kimya ili wewe usiaibike. Mimba unayo wewe, lakini bado yeye ndiye anayelea.

Na sitakuficha la mwisho, kwa sababu sipendi kumtuma mtu vitani bila kumwambia kuna mishale. Kipo kipande cha moyo wake, kidogo, kinachosema labda Saleha kasema kweli, labda daktari alibadili shauri baada ya picha. Kila mgonjwa anacho. Hicho utakivunja. Hakuna namna ya kukivunja kisilie. Nakupa pole, binti yangu, pole kweli kweli. Ningekuwa na njia nyingine ningekupa.

Sasa fanya hivi, na ufanye leo usingoje kesho.

Alasiri akishasali, mwambie Mselem atoke, na mama mdogo mtume kwa jirani. Kaa chini kuliko yeye. Usianze na uvimbe, usianze na dawa, usimzungushe. Mwambie, "Mama, nilikudanganya. Daktari alisema goti lako halifai kupasuliwa, wala si sasa wala baadaye." Sema hilo lote kwa pumzi moja, maana ukilikata katikati utaliacha hapo. Usiongeze "inshallah labda" mwishoni. Najua ulimi wetu hauwezi kutoa habari mbaya bila kuipaka asali, leo asali iache jikoni. Kisha nyamaza. Akilia, mwache alie. Akikasirika, pokea, ni haki yake. Akisema "nilijua," usijitetee.

Ndipo umwambie na hili, ambalo kwa woga wako umelisahau: kukataliwa kisu si kukabidhiwa kaburi. Marehemu baba yako alikuwa na maradhi yake, mama ana yake. Kutofaa kwa kibati si kutofaa kwa dawa. Kabla huyo daktari hajaondoka, rudi ukamwulize ana nini cha kumpunguzia maumivu ya usiku, na vile vidole, na kama kuna kifaa cha kulishika goti lisiyumbe. Fimbo mpe aishike kwa mkono wa upande wa mguu ulio afadhali, wengi wanaishika upande mbovu wakizidi kuanguka. Kitanda kinyanyuliwe kwa matofali ili asihangaike kuinuka. Ataishi, Saleha. Ataishi na maumivu, na nyinyi mtaishi nayo pamoja naye, na miaka itakuwa mirefu. Sikudanganyi kuwa itakuwa myepesi.

Kwa Asmahani usiende wewe. Hilo ni la mama yako. Ukubwa ni wake, ruhusa ni yake, na deni la yule kijana wa Mkwaja analijua yeye kuliko sisi sote. Mwache alilipe kwa maneno yake mwenyewe, wawili peke yao, na wewe usisimame mlangoni kusikiliza. Asmahani ataambiwa yote, na kesho yake mpeleke kwa Nesi Praxeda aulize mwenyewe: ataumwa kiasi gani, atalala muda gani, ataweza kupiga magoti tena kwa kusali au naye atasalia juu ya kiti, na kibati kisipomkubali itakuwaje. Kufaa si ahadi ya kupona. Akishajua yote akasema nakwenda, aende. Akisema sitaki, goti ni lake, na usije kuniandikia barua nyingine ya kumlazimisha. Lakini sidhani atakataa. Mtu aliyengoja maisha yake yote akisikia mkubwa wake mwenyewe anamwambia "nenda," miguu huwa inajua njia.

Jumatatu teksi ikija, mama yako naye apande. Usimwambie akae nyumbani apumzike, usimwonee huruma ya namna hiyo. Mkifika lango la hospitali mshusheni yeye kwanza, apewe fimbo yake, atangulie, hata kama atachukua muda mrefu na watu wa nyuma wakapiga honi. Asmahani afuate nyuma ya dada yake mpaka kitandani. Mama yako ndiye amkabidhi kwa daktari kwa kauli yake, kama mkubwa anavyomkabidhi mdogo. Heshima hiyo hakuna picha ya mifupa iliyomnyang'anya.

Kisha mrudi nyumbani, wewe na yeye. Mkienda mlikuwa watatu, mkirudi mko wawili, na kiti cha katikati kitakuwa wazi. Hapo ndipo atakapoumia, si alasiri ile. Mshike mkono, usitafute maneno. Na kama njiani atakugeukia akuulize, kwa sauti ndogo, kama hakika daktari hakusema kitu kingine chochote, usitazame dirishani. Mtazame yeye, umwambie, "Hapana, mama. Hakusema."

Bibi Shamsiya